Data ya mvua ya CHIRPS: naitumia kila siku kwenye utafiti wa sera za kilimo, haya ndo maoni yangu

Kama kazi yako ni kuwaandikia wizara au halmashauri ripoti za tabianchi na kilimo, basi kikaoni swali la kwanza unalijua, mvua kweli imebadilika au wakulima wanalalamika tu? Na ukienda kutafuta ushahidi unakuta wilaya nzima ina vituo vichache vya kupimia mvua, vingine rekodi zimekatika miaka kadhaa, patupu kabisa. Mimi jibu langu naanzia CHIRPS. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwa asiyeijua, hii ni data ya mvua inayotengenezwa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara pamoja na USGS, taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani. Wanasoma ubaridi wa mawingu kutoka kwenye satelaiti, yaani wingu lililopanda juu sana kilele chake kinakuwa cha baridi na mara nyingi ndo lenye mvua, halafu wanarekebisha makadirio yao kwa vipimo vya vituo vya ardhini. Inaanzia 1981 mpaka leo, ramani imegawanywa vimraba, kila kimoja kama kilomita 5 na nusu kwa 5 na nusu, na unachagua mwenyewe uchukue ya siku, siku tano, siku kumi, au mwezi. Bure. Hujisajili, huandiki barua ya maombi, humsubiri mtu asaini. Kwa mtafiti mchanga ambaye mradi haujapata hela hilo ni jambo kubwa sana jamani, maana miaka zaidi ya 40 ya mvua unakaa nayo kwenye laptopu yako ukiwa hapohapo ulipo.

Ushauri tu, usishushe mafaili ya dunia nzima, bando litakwisha na kazi hujaanza. Yapo ya Afrika peke yake. Au ingia tovuti ya Climate Engine, chora eneo lako, inakutolea grafu na jedwali unalopeleka Excel bila kuandika mstari hata mmoja wa programu. Wanaoweza kuandika programu watumie Google Earth Engine, jukwaa la Google la kuchambua data za satelaiti mtandaoni, ni haraka zaidi.

Sasa raha yake iko wapi. Chukua Dodoma, mvua za msimu zinaanza Novemba au Desemba zinaishia Aprili. Ukijumlisha msimu mzima unaweza kupata namba inayoonekana ya kawaida kabisa, mkubwa kikaoni akaangalia akasema mbona mvua ilinyesha? Wakati huohuo kule Kongwa mama mwenye shamba anakwambia mwanangu, mahindi yalifika kutoa mbelewele mvua ikakata, na anakuonyesha gunzi lina punje za kuhesabu, ncha yote tupu. Wote wawili wanasema kweli! Ukivunja data kwa siku kumi kumi ndo unaiona, Januari imejaa, Februari imeshuka, Machi imerudi na mahindi tayari yameshaumia. Hiyo picha moja imebadilisha mazungumzo kwenye vikao kuliko kurasa zangu zote, kwa sababu inagusa maamuzi ya hela. Ruzuku ya mbolea ilirudi msimu wa 2022/23, sasa mkulima akikuzia halafu jua likapiga wiki mbili tatu, ile mbolea inamsaidia nini? Kwa hiyo mjadala unatoka kwenye "mifuko mingapi imesambazwa" unakuja kwenye lini imfikie, na mbegu gani ya muda mfupi, na mtama upewe nafasi gani kwenye maeneo haya. Hapo ndo utafiti wa sera unapopata maana, mimi naamini hivyo kabisa.

Nyota moja nimeizuia, na sababu ni hizi. Kimraba kimoja kinabeba kama kilomita za mraba 30, na mvua za maeneo yetu makavu mnazijua, inanyesha upande huu wa kilima upande wa pili vumbi. Kwa hiyo ukiniletea hoja ya shamba moja au kitongoji kimoja kwa CHIRPS peke yake sitaikubali. Hili linauma zaidi kwenye bima ya mazao inayolipa kwa kuangalia fahirisi ya mvua, mkulima amekosa mavuno na kimraba kinasema alipata mvua, hapo halipwi. Watunga sera lazima walisikie kabla ya kusaini chochote.

Pia mvua za mawingu yasiyopanda juu, zile za milimani na pwani, satelaiti za aina hii zinazipunguza, kwa hiyo Uluguru na Usambara kuwa makini. Na data ya siku moja moja usiiamini sana, imetokana na kugawanya jumla ya siku tano, ukihesabia siku za mvua utajidanganya. Siku kumi zinatosha.

Ukiwa Tanzania pitia na ENACTS, data ya mvua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), wao wameunganisha satelaiti na vituo vya nchini, ramani zake zinaonekana bure. Mimi nalinganisha zote mbili, zikikubaliana naandika, zikigombana naenda kwa afisa ugani wa kata kuuliza kama ana kipima mvua na daftari lake. Wapo wanaoandika kila asubuhi, na hayo madaftari ni mali.

Kitu kingine kinanikosesha amani. CHIRPS ilijengwa kwa ajili ya FEWS NET, mfumo wa tahadhari ya njaa uliokuwa unalipiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa tovuti ya FEWS NET ilizimwa. Baadaye ilirudi, lakini tuliona jinsi kazi yetu inavyotegemea uamuzi wa serikali ya watu wengine. Serikali zetu ziweke hela kwenye vituo vya mvua, hili siyo la kusubiri.

Mwisho, toleo la 3 la CHIRPS limeshatoka. Kama ulianza na la 2 maliza nalo au rudia zote kuanzia 1981, usiunganishe matoleo mawili kwenye mfululizo mmoja, utaona "mabadiliko ya tabianchi" ambayo ni mabadiliko ya toleo.