Jezi namba 21 niliyoiagiza mara mbili

Naishi Pittsburgh, Marekani, mwaka wa nne sasa, na besiboli nilikuwa siijui. Mtu wa Tanga na besiboli wapi na wapi! Niliagiza jezi namba 21 kwa sababu siku za mechi nusu ya basi wameivaa, nami nilichoka kuonekana mgeni. Dola 65, duka la mtandaoni ambalo sitalitaja.

Ilifika siku ya tisa. Kitambaa kizito, vifungo imara, namba imeshonwa kwa uzi, si zile za kubandikwa kwa pasi. Nikaivaa kazini ghalani. Mzee mmoja ninayepakia naye mizigo akaniambia, "Shawn, geuka." (Naitwa Shaaban. Shawn ni lao.) Akapitisha kidole mgongoni kwangu, herufi moja moja.

"CLEMENT. E ya mwisho iko wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wakati wa mapumziko alinikalisha juu ya maboksi akanieleza nimembeba nani mgongoni.

Roberto Clemente alizaliwa 1934 huko Carolina, Puerto Rico, baba yake akiwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Alichezea Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya hapa, misimu 18, kuanzia 1955 hadi 1972. Alilinda upande wa kulia, kule nyuma kabisa, na kwa mkono wake sifa zilitosha: mkimbiaji anajiona kituo cha tatu ameshakifikia, kumbe mpira umemtangulia. Tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya walinzi bora, aliichukua miaka 12 mfululizo, na mara nne aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga.

Lakini kilichonishika mimi ni habari ya jina. Kadi za wachezaji kwa miaka mingi zilimwandika "Bob", watangazaji nao Bob, ilhali mwenyewe akiwaambia anaitwa Roberto. Waandishi wengine wa magazeti walikuwa wakinukuu maneno yake kwa kuyapotosha tahajia ili lafudhi yake ichekeshe. Hapo nilimeza mate. Mwaka 1971, Pirates walipoifunga Baltimore Orioles kwenye World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, naye akawa mchezaji bora wa fainali hizo, alipopewa kipaza sauti alianza kwa Kihispania, akiwaomba wazazi wake baraka, kama sisi tunavyoomba radhi.

Na ile 21 yenyewe ni jina. Hesabu herufi za Roberto Clemente Walker (Walker ni ukoo wa mama, ambao kwa desturi yao hukaa mwisho). Cha ajabu, alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 1973, kibao chake kiliandikwa Roberto Walker Clemente. Kilirekebishwa mwaka 2000. Miaka 27! Nikasema basi duka langu si la kwanza.

Habari ya kifo chake mzee aliisimulia kwa hasira ya mpakia mizigo. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko liliipiga Managua, Nikaragua. Clemente alikusanya misaada. Akasikia ya mwanzo inaishia mikononi mwa askari wa Somoza, mtawala wa Nikaragua, akaamua kusindikiza mwenyewe. Ndege ilikuwa kuukuu, na mzigo umezidi kiwango kwa zaidi ya pauni 4,000. "Zaidi ya elfu nne!" mzee akarudia, akinionyesha maboksi tuliyokalia. Usiku wa 31 Desemba ilianguka baharini mara baada ya kuruka kutoka San Juan. Alikuwa na miaka 38, na mwili wake haukupatikana. Miezi mitatu nyuma, 30 Septemba, alikuwa amepata mpigo wake wa 3,000 (yaani kuupiga mpira akafika kituoni salama), ukawa wa mwisho kwake katika mechi za msimu wa kawaida.

Basi nikawaandikia wale wa dukani, na picha ya mgongo nikaambatanisha. Jibu la kwanza: kasoro ni ndogo, wanipunguzie dola 10? Nikakataa. Jibu la pili lilianza "Mpendwa Shaman", lakini walikubali kubadilisha, na gharama za kurudisha wakalipa wao. Siku 16 nyingine. Ya pili imekuja na E yake.

Nimeifua mara sita, nje ndani, maji baridi. Uzi haujafumuka, rangi ya dhahabu imepauka kidogo begani. Jumamosi niliivaa nikavuka kwa miguu daraja lenye jina lake hadi uwanjani, nikauona ule ukuta wa upande wa kulia, urefu futi 21.

Jezi naipa nyota nne, huduma mbili. Zinakuja kubwa, kwa hiyo agiza saizi moja chini ya unayovaa, na kabla hujalipa soma jina herufi kwa herufi.