Mashine ya kupasulia kuni: ipi ikufae ukiuza kuni Malindi

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza kuni zako zinakwenda wapi. Muuza kuni wa Malindi ana wateja wa aina tatu. Wenye tanuri za piza, mjini na kule Watamu, wanataka vipande vyembamba, vikavu, vya sentimita 30 hivi. Mama mahamri anataka kuni za kadiri zinazoingia chini ya karai bila kulitikisa. Mpishi wa harusi anataka kuni ndefu, nene, za kusukumwa mafigani kadiri zinavyoungua. Huyu wa tatu mashine haimsaidii, kwa sababu mashine nyingi ndogo hazipokei gogo linalozidi sentimita 50 au 60.

Halafu tazama mti wenyewe. Kuni nyingi zinazotoka mashambani huku ni za mvinje, na mvinje hukatwa mapema ili kuuzwa fito na nguzo. Kinachobaki kwa kuni ni matawi, vilele na miti iliyopinda, vyote vyembamba. Tena mvinje huwaka hata kabla haujakauka sawasawa. Kama unauza mvinje mtupu, usinunue mashine ya kupasulia. Pesa hizo tia kwenye msumeno wa petroli ulio mzuri. Mashine inatafutwa na mwenye kununua miti mizee: mwembe uliokwisha kuzaa, mkorosho, mwarobaini (mkilifi, kwa wazee wetu) na mkwaju. Mwarobaini na mkwaju nyuzi zake zimesukana, na penye fundo shoka linadunda tu. Mnazi usiuhesabu kabisa, maana nyuzi zake huraruka badala ya kupasuka.

Sasa tuje kwenye mpangilio wangu, kwa mtu mwenye kiwanja kimoja, vijana wawili watatu na pikapu ya kukodi.

Ya kwanza: haidroli ya petroli, silinda ya inchi 4, inayolala na kusimama

Hii ndiyo mashine ya biashara: injini husukuma oili kwenye silinda, nayo silinda husukuma kabari kwenye gogo. Injini yake huwa ya nguvu za farasi 6.5 au 7, na ukipata yenye Honda GX200 au mojawapo ya zile za Kichina zilizofuata umbo lake, hutahangaika na spea, kwa sababu injini za jamii hiyo ndizo zinazoendesha pampu nyingi za maji mashambani. Fundi anayezijua yuko karibu kila soko. Kusimama kwake ni muhimu kuliko wauzaji wanavyosema: kigogo cha mwembe cha kilo 80 hukiinui, unakibingirisha hadi chini ya kabari.

Tani za nguvu zilizoandikwa ubavuni usiziamini mpaka umepima silinda. Hesabu yake si ngumu. Silinda ya kipenyo cha inchi 4 ina uso wa sentimita za mraba 81 hivi. Pampu ikisukuma oili kwa presha ya baa 200 na kidogo, unapata tani 17, basi. Ili silinda hiyohiyo itoe tani 25, pampu ingehitaji kufika karibu baa 300, na za bei hizi kwa kawaida hazifiki huko. Tani 26 hutoka kwenye silinda ya inchi 5. Kwa hiyo ukiona rangi inang'aa na maandishi ya "tani 25" juu ya silinda nyembamba, ujue unauziwa rangi. Mimi tani 17 za kweli zinanitosha kwa mwembe na mkorosho, na kwa mwarobaini pia, mradi gogo uligeuze ili kabari iingie pembeni, mbali na fundo.

Uliza pia kama pampu ni ya hatua mbili. Ya namna hiyo hupeleka oili nyingi kabari inapokwenda tupu, kisha ikigusa gogo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Silinda ya inchi 4 yenye safari ya sentimita 60 inameza oili karibu lita 5. Pampu ya lita 40 kwa dakika huijaza kwa sekunde saba au nane. Pampu ya hatua moja itakuweka umesimama ukitazama, huku petroli inaungua.

Ubaya wake ni uzito na mchanga wetu. Mashine ya kilo 200 yenye vigurudumu vyembamba inazama kiwanjani kabla haijafika kwenye magogo. Chukua yenye magurudumu mapana, au mwaga kifusi mahali pake pa kudumu upeleke magogo huko.

Ubaya mwingine ni kukaa bure. Tuseme mashine imekufikia kwa shilingi 150,000, imekuondolea vibarua wawili wa shilingi 700 kila mmoja, na inakunywa petroli ya shilingi 800 kwa siku. Kinachobaki ni 600 kwa siku. Itakuchukua siku 250 za kazi kurudisha pesa zako. Ukiiwasha kila siku, ni chini ya mwaka. Ukiiwasha siku mbili kwa wiki, ni zaidi ya miaka miwili, na huko katikati kuna oili, mipira na sili za kuzuia oili isivuje. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hii kabla hujaenda Mombasa. Wengi ingewafaa wanunue wawili kwa ubia, au waikodishe kwa wenzao siku isiyo na oda.

Ya pili: shoka zito, kabari mbili na nyundo

Usicheke. Hata ukinunua hiyo ya kwanza, hivi utavihitaji kwa kuni za harusi. Shoka la kupasulia si lile la kukatia: kichwa chake ni kinene na kina uzito wa kilo 2.5 hadi 3.5. La kukatia linazama na kung'ang'ania. Kabari nunua mbili, kwa sababu moja ikikwama ya pili ndiyo itakayoikomboa. Nyundo iwe ya kilo 4 au 5, wala usigonge kabari kwa kisogo cha shoka. Kichwa cha kabari kikianza kubanjuka kingo, peleka kisagwe. Vile vipande vinavyochomoza hukatika na kuruka machoni.

Na pasua mapema. Gogo zima likikaa na ganda lake hushika maji muda mrefu; likipasuliwa maji hutoka kwa ubavu ulio wazi. Anayetaka kuwauzia wenye tanuri kuni kavu msimu wa Disemba asisubiri Novemba ndipo ashike shoka. Masika yakija, kuni ziwe juu ya fito, chini papite upepo, na bati juu.

Ya tatu: haidroli ya umeme, tani 5 hadi 7

Kwa mwenye kiwanja katikati ya nyumba za watu, kelele za petroli zitakugombanisha na jirani, na hii ni tulivu. Haipasui kigogo cha mwembe, lakini kwa kazi ya kugawa nusu kuwa robo, na robo kuwa vijiti vya piza, ni hodari kweli. Nyingi hupokea gogo hadi sentimita 37 au 52, kwa hiyo lile la 30 analolitaka mwenye tanuri linaingia bila shida.

Hakikisha ni ya volti 240 na hezi 50. Ukiletewa ya mtumba kutoka Marekani, ni ya volti 120, mwachie mwenyewe. Mota ya kilowati 2.2 iko karibu na mwisho wa soketi ya ampea 13, na wakati wa kuanza huvuta zaidi. Ukiiunganisha kwa waya mwembamba mrefu, volti hushuka, mota inaguna, kisha inaungua. Tumia waya mnene wa milimita za mraba 2.5, mfupi. Na siku stima imepotea umepotea nayo.

Ya nne: ya kuundwa na fundi wa jua kali

Naipenda kwa moyo, naiogopa kwa akili. Fundi mzuri akipata silinda ya mtumba ya trekta na chuma kinene, atakuundia kitu kitakachoishi kuliko cha dukani. Lakini chuma chembamba hupinda, mchomo hupasuka, na wengi husahau vali ya kuachia presha. Bila vali hiyo, gogo likigoma, kitakachopasuka ni mpira wa oili. Usilipe salio kabla hujaona vali na geji ya presha.

Mashine ya jeki ya mkono, ile ya kupampu, ni ya nyumbani. Kwa biashara itakuchosha kuliko shoka.

Ya mwisho: koni yenye hesi

Ni rahisi, ni ndogo, na video zake zinavutia: koni ya chuma inazunguka, unasogeza gogo, linachanika. Sitaki kuiona kwenye kiwanja chenye vibarua waliovaa kikoi au shati lililofunguka. Koni haichagui mti na nguo, na swichi haifikiki mkono ukishavutwa. Gogo lenyewe likinaswa huzunguka nayo na kupiga miguu. Iache dukani.

Ukishachagua ya haidroli, mambo mawili ya pwani. Hewa ya chumvi hula ule mti wa chuma unaong'aa unaoingia na kutoka kwenye silinda. Mti huo ukipata vishimo vya kutu, utachana sili na oili itaanza kuvuja. Kila jioni uache umeingia wote ndani, na uifunike mashine. Oili tumia daraja la 46 kwa joto letu, ile nyepesi ya 32 waachie wa nchi za baridi. Mpira ukivuja usiupapase kwa kidole kutafuta tundu, kwani oili ya presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hiyo ni kesi ya hospitali. Pitisha kipande cha katoni.

Siku ya kununua, beba gogo lako mwenyewe, la mwarobaini lenye fundo, wala usikubali lile la mti laini walilokuwekea dukani. Waambie wawashe, wapasue, kisha waache injini iende nusu saa ndipo wapasue tena, maana pampu iliyochoka hujificha oili ikiwa baridi. Dai risiti yenye namba ya injini, na uliza sili za silinda hiyo zinauzwa duka gani Mombasa. Akikujibu "zitaagizwa", punguza bei au ondoka.