Vijitabu vya Watoto wa Graundihogi Mbele ya Wasomaji wa Malindi

Vijitabu vinne vya hadithi za watoto wa graundihogi, vinavyouzwa katika duka dogo la vitabu hapa Malindi, vimeandikwa kwa Kiingereza chepesi na vimekusudiwa watoto wa miaka 4 hadi 8. Mzazi wa hapa anayevifunua kwa mara ya kwanza hana budi kujiuliza kama mnyama ambaye mwanawe hajapata kumwona, na pengine hatamwona ila kwenye picha, anaweza kumfunza kujiamini na kuishi vyema na wenzake. Kwa maoni yangu anaweza, lakini katika viwili tu kati ya hivyo vinne, na kasoro ya vile viwili vingine haitokani na ugeni wa mnyama huyo bali na mwandishi kumsahau njiani.

Graundihogi ni wa jamii ya kindi, ingawa unene wake na miguu yake mifupi humfanya mtoto wa Malindi amwite panya buku mara tu aonapo jalada. Makao yake ni mashariki ya Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, uzito wake huwa kilo 2 hadi 6, hula nyasi na majani, na mkulima asipokuwa macho huhamia kwenye mboga za bustani. Huchimba shimo lenye mlango zaidi ya mmoja, ili adui akiingilia huku yeye atokee kule, na anapohisi hatari hupiga mbinja kali kabla ya kutumbukia ndani. Tena si mnyama wa kundi. Watoto huzaliwa vipofu na bila manyoya katika majira ya machipuko, hukaa na mama yao kwa miezi michache tu, kisha kila mmoja hushika njia yake na kwenda kujichimbia shimo lake mwenyewe. Kwa hiyo mwandishi anayemchagua mnyama huyu ili asimulie habari za kujiamini amepata mwanzo mzuri ambao maumbile yenyewe yamemwandalia, na anayemchagua ili asimulie urafiki amejitwika kazi ngumu zaidi, kwa sababu graundihogi hana desturi ya kutafuta wenzake.

Kijitabu cha pili ndicho kilichonipendeza kuliko vyote. Kinamhusu kitinda mimba ambaye ndugu zake wameshaondoka na ambaye kila asubuhi hufika mlangoni mwa shimo, akatoa pua, akatoa jicho moja, kisha akarudi ndani. Mchoraji ametumia kurasa tatu mfululizo zenye picha ileile ya mlango, na kinachobadilika ni urefu wa kivuli cha nyasi na kiasi cha mwili kilichotoka nje: kwanza pua, halafu masharubu na sikio, halafu mabega. Hakuna anayemhubiria wala kumcheka. Siku moja mwewe anapita juu, ndugu yake mmoja yuko mbali akila majani bila habari, na yule mwoga, akiwa bado nusu ndani na nusu nje, anapiga mbinja. Hajageuka shujaa, na ukurasa unaofuata unamwonyesha akitetemeka shimoni, ila sasa anajua kwamba sauti yake inafika mbali. Huko ndiko kujiamini ninakokuelewa mimi, na ndiko ambako mtaala wetu wa umilisi, unaokuhesabu miongoni mwa mambo ya msingi ya kumjengea mwanafunzi, ungepaswa kukutafuta vitabuni.

Niliwasomea wapwa zangu kijitabu hicho baada ya isha, nikikigeuza kwa Kiswahili huku nikisoma, na tulipofika penye mbinja kila mmoja akataka kuipiga. Mama yangu akasema kutoka chumba cha pili, “Wajukuu zangu, mbinja hazipigwi usiku, mtatuitia nyoka.” Nawashauri wazazi wakisome mchana.

Kijitabu cha nne kinahusu urafiki, na mwandishi amelikabili vyema lile tatizo la mnyama mpweke. Hakumzushia kundi la marafiki, bali ametumia jambo la kweli, kwamba mashimo yanayoachwa na graundihogi hukaliwa na wanyama wengine, wakiwamo sungura na mbweha. Graundihogi kijana anarudi kwenye shimo lake la zamani na kumkuta sungura amehamia, na sehemu kubwa ya hadithi ni mazungumzo yao ya mlangoni, mmoja akidai kwamba alilichimba na mwingine akidai kwamba alilikuta tupu. Wasikilizaji wangu, waliolelewa kwa paukwa na pakawa na wanaomjua sungura kwa ujanja wake, walingoja kuona graundihogi atalaghaiwa lini, na mmoja aliuliza hivyo waziwazi kila nilipofunua ukurasa. Sungura huyu halaghai mtu. Wanakubaliana kwamba mmoja atumie mlango wa mashariki na mwingine wa magharibi, na urafiki wao unaanzia kwenye salamu za asubuhi tu, jambo ambalo mtoto anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja analielewa bila kufafanuliwa.

Kijitabu cha kwanza, kinachohusu theluji, kimenikera. Kinawaonyesha watoto wa graundihogi wakiteleza kwenye vilima vyeupe mwezi Desemba na kugawana njugu walizoweka akibani. Graundihogi wa kweli wakati huo amelala usingizi mzito ardhini, mapigo ya moyo wake yakiwa yameshuka kutoka takriban 80 kwa dakika hadi 5 hivi, na akiba yake yote ni mafuta aliyojijazia mwilini kabla ya baridi. Usingizi huo ungetosha kuwa hadithi nzuri kuliko mchezo wa kuteleza, hasa kwa watoto wa pwani wasioijua theluji, ambao kwao habari ya mnyama anayelala miezi kadhaa bila kula ni ajabu tosha.

Cha tatu kimejengwa juu ya sikukuu ya tarehe 2 Februari, ambayo katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, imekuwa ikiadhimishwa tangu 1887: graundihogi akitoka na kukiona kivuli chake, watu husema baridi itaendelea kwa wiki sita. Wapwa zangu walilipokea jambo hilo kwa wepesi, maana hapa pia kuna wazee wanaotabiri majira kwa kutazama upepo, na mwezi huo kaskazi huwa bado inavuma. Hadithi yenyewe, kwa bahati mbaya, inaishia kwa hotuba ndefu ya mama kuhusu kujiamini, na watoto walianza kunyanyuka kabla sijaimaliza.

Karatasi ni nzito na rangi hazijafifia, lakini kurasa zimeshikwa kwa pini za chuma ambazo kwa hewa yetu ya chumvi zimeshaanza kushika kutu, na nakala yangu ya kijitabu cha tatu ilikuwa na ukurasa uliolegea tangu dukani. Mtoto wa gredi ya tatu anaweza kujisomea bila msaada mkubwa, na wadogo wake watahitaji mtu mzima wa kuwafasiria. Bei, ambayo ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa vitabu nchini tangu 2013, si ndogo kwa vijitabu vyembamba namna hii. Kwa kuwa duka linakubali kuuza kimoja kimoja, mzazi anunue cha pili na cha nne, na ikiwa fedha zinatosha kwa kimoja tu, achukue cha pili.