Kanda nane za baba na fundi wa Kibuye

Baba alifanya kazi bandarini Mombasa, sisi tukabaki Butere na mama. Barua hakuzipenda. Alikuwa na redio kaseti, na kila alipopata mtu anayerudi nyumbani alimkabidhi kanda aliyokesha akiirekodi: karo, ng'ombe, nani akodishiwe shamba na nani asikodishiwe, halafu mwishoni anatusalimia mmoja mmoja kwa jina. Alifariki mwaka 1996. Kanda zilizobaki ni nane, na mama alizitunza katika kopo la Kimbo la kilo mbili juu ya kabati.

Mwaka juzi nilipeleka mbili kati ya hizo kwenye duka moja la mji mwingine, sauti ihamishiwe kwenye faili za kompyuta. Nilirudishiwa flashi ambayo baba anasikika kama amejifunika blanketi, na utepe wa kanda moja umekunjamana. Nikaambiwa kanda zimezeeka, hakuna la kufanya. Nilirudi nyumbani nikiamini hivyo, na nilikaa na uchungu huo muda mrefu.

Ndiyo maana namwandika fundi huyu wa Kisumu. Anatengeneza redio katika chumba kimoja karibu na soko la Kibuye: deki tatu za kuchezea kanda, kompyuta moja, kiti kimoja cha mteja. Nilimpa kwanza ile iliyokunjamana. Kabla ya kuiweka popote alichukua bisibisi akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. "Hivi vikiwepo, mwalimu, mtu akibonyeza kitufe vibaya anarekodi juu ya mzee." Miaka yote hiyo tulikuwa tumeviacha.

Kisha akasafisha kichwa cha deki, kile kipande kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na rangi ya kahawia, akanionyesha: utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi, na sauti imo ndani ya unga huo. Gundi hunyonya unyevu. Huku kwetu kwa mvua na joto la ziwa, inalegea na unga unabanduka kidogo kidogo. Kanda mbili zilikuwa zimeanza kuota ukungu mweupe pembeni. Hizo alikataa kuzicheza siku ile, akasema ukungu ukiingia kwenye deki utahamia kanda za watu wengine.

Sasa lile la blanketi. Alicheza kanda, baba akaanza kuongea na sauti ile ile ya kuzama. Fundi akaingiza bisibisi nyembamba kwenye skrubu ndogo kando ya kichwa, akaizungusha taratibu sana huku ameinamisha sikio. Kichwa cha deki kikiinama tofauti na kile cha redio iliyorekodi, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Alizungusha, akarudisha, akazungusha tena, na ghafla "s" za baba zikarudi. Nikasikia pengo la jino lake la mbele. Nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kanda moja ilikuwa imeng'oka kile kisponji kinachosukuma utepe ugusane na kichwa. Alifungua ganda, akahamishia utepe wote kwenye ganda la kanda nyingine mbovu, kwa vidole, bila haraka. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima na hakuongeza bei.

Bei ni shilingi 500 kwa kanda ya dakika 60. Msishangae mkiona siku inaisha: utepe hausomwi kwa haraka, dakika 60 ni dakika 60. Mwombeni faili za sauti za aina mbili, WAV na pia MP3. WAV ya kanda moja ilinitokea kama GB 1, na hiyo ndiyo ya kuweka. MP3 haifiki MB 60, inatosha kutuma kwa ndugu kwenye simu, lakini ili iwe ndogo imetupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Siku ya pili nilikwenda na mama, na hilo ndilo ningemsihi kila mtu afanye. Fundi anaruhusu mteja akae asikilize kazi inapoendelea. Nilichukua daftari, mama akawa ananiambia, nami naandika dakika. "Huyo anayekohoa ni mjomba wenu, alikuwa amemtembelea." "Hapo anasema ule mti wa mpakani, uliokatwa." Bila mama, nusu ya maneno yale yangekuwa sauti safi isiyo na mwenyewe. Ana miaka 81.

Yasiyonipendeza ni haya. Faili alizipa majina 001, 002, 003, ikabidi nizibadilishe mwenyewe nyumbani kwa mwaka na upande wa kanda. Stima ilipotea mara mbili na hana betri ya akiba, kwa hiyo kanda moja ilianza upya. Na alinipa flashi moja tu, kana kwamba kazi imekwisha. Flashi hufa bila taarifa. Nimeweka nakala kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni, na ya tatu kwa kaka yangu Eldoret, ili nyumba moja ikiungua zisiende zote.

Kwa mikanda ya video ana mashine moja tu inayofanya kazi. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuunda mashine za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo vipuri anavitoa kwenye mashine zilizokufa. Mwenye mkanda wa harusi au mazishi asingoje Desemba nyingine.

Kanda ya sita, upande wa pili, ni ya mwaka 1990. Baba anatusalimia kwa zamu, anafika kwa mimi, kisha ananyamaza kidogo na kusema, "Na huyo ambaye bado sijamwona, mwambieni baba yake anamsalimu." Kitinda mimba wetu alizaliwa miezi miwili baadaye. Nilimtumia kipande hicho jioni ile ile, sekunde 40. Alinipigia simu usiku, akaniuliza kama ninayo yote.