Msaada wa kisheria kwa mfichuzi wa kazini Mombasa: uzoefu wangu na alama ninazoupa

Nne kwa tano. Alama moja nimeikata kwa sababu ya gharama. Hizo nne nampa wakili aliyeanza na swali la maana: uliripoti lini, na barua ya kukutaka ujieleze ilikuja lini? Kesi ya mfichuzi, yaani mfanyakazi aliyeripoti maovu ya kazini, imesimama juu ya tarehe hizo mbili. Ukiwa na nakala ya ripoti yako yenye muhuri wa kupokelewa wa tarehe 3, kisha tarehe 19 unatakiwa kujieleza kwa makosa ya mwaka jana ambayo hakuna aliyewahi kuyataja, kazi ya kueleza inakuwa ya mwajiri. Kama uliripoti kwa mdomo tu pale getini, hiyo kazi ni yako.

Kumpata wakili Mombasa si shida. Ukipita Nkrumah Road na Moi Avenue vibao vimejaa. Shida ni kwamba mji ni mdogo, na afisi nyingi zina wateja wa kliaringi, bima na makampuni ya mizigo. Kabla hujasimulia lolote, uliza kama wanamwakilisha mwajiri wako au kampuni dada. Kisha litafute jina la wakili kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili (LSK) uone kama cheti chake cha kufanyia kazi ni cha mwaka huu, maana vyeti hivyo huisha Desemba 31. Na akikwambia "tusiandikishane, utanilipa tukishinda tu", shukuru uondoke: Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya aina hiyo. Taka ada kwa maandishi, na humo ionekane kama VAT ya asilimia 16 imo au itaongezwa, na nani analipia kuwasilisha kesi na kupeleka hati. Asiye na uwezo ajaribu Kituo cha Sheria, ambacho kina afisi hapa mjini, au huduma ya serikali ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016.

Ulinzi wenyewe umetawanyika katika sheria kadhaa, na hapo ndipo wakili wa ardhi na ajali za barabarani hupotea. Kifungu cha 65 cha sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 kinakataza hata hatua za nidhamu dhidi ya mtu kwa sababu ya habari alizoipa EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), mradi hakutoa jambo asiloliamini kuwa kweli. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinamgusa anayemshusha cheo mfichuzi, kumfuta au kumhamishia kubaya: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa lalamiko liwe halina msingi. Ukiwa umeripoti mtambo mbovu badala ya rushwa, hizo mbili za mwanzo hazikufai sana. Utaegemea Sheria ya Ajira na ile ya usalama kazini. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa stakabadhi za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, alipofutwa 1993 na kuja kujisitiri Mombasa, hakuna hata moja kati ya hizi iliyokuwepo.

Kuna mtego mmoja ambao watu hawauoni. EACC inapokea ripoti zisizo na jina kupitia mtandao, na zinakuficha kweli. Lakini ukija kudai umelipiziwa kisasi, lazima uonyeshe mwajiri alijua au alishuku ni wewe. Basi hifadhi namba ya ripoti, kisha andika kila dalili siku ileile: nani alikuuliza nini, mbele ya nani, zamu ipi ulibadilishiwa.

Kwenye ushahidi wakili mzuri atakuwa mkali, na ndivyo inavyotakiwa. Usichote mafaili ambayo kazi yako haikufungulii. Kuingia kwenye mfumo kwa nywila ya mwenzako ni kumpa mwajiri kosa halali la kukufukuzia, na juu yake kuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Orodha za wateja zenye namba za vitambulisho ziache. Andika namba ya stakabadhi na tarehe, mahakama inaweza kuamuru iletwe. Jumbe za WhatsApp zibaki ndani ya simu yenyewe. Picha zilizochapishwa zinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza chombo kilichotumika na jinsi zilivyotolewa. Cheti hiki husahauliwa mno, halafu ushahidi unapingwa siku ya kusikizwa.

Usimlipe wakili aje kuketi kwenye kikao cha nidhamu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, basi. Pesa za wakili ziende kwenye jibu la barua ya kujieleza. Liwe fupi, lijibu kila shtaka kwa zamu, na liitaje tarehe ya ripoti yako bila matusi.

Ukishafutwa, malalamiko kwa afisa wa leba yana miezi 3, kesi mahakamani ina miaka 3, na mazungumzo ya suluhu hayasimamishi muda huo. Mshahara wa jumla usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi huipeleka kesi kwa hakimu. Ukizidi hapo, ni Mahakama ya Ajira na Leba. Fidia haipiti mishahara ya miezi 12, yaani 720,000 kwa anayepata 60,000, nayo hukatwa kodi. Kupewa yote 12 si kawaida. Kurudishwa kazini ni nadra zaidi, kwa hiyo wakili anayekuahidi kiti chako cha zamani anakuuzia upepo.

Siku ya kuchukua haki zako za mwisho utawekewa karatasi inayosema huna dai lingine. Mahakama zimewahi kukataa madai ya watu kwa sababu ya sahihi hiyo. Omba nakala ukamwonyeshe wakili kwanza. Cheti cha utumishi ni haki yako kwa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira, usikubali kizuiliwe mpaka utie sahihi karatasi hiyo.