Klavye za mpira za okazioni (zilizokwisha kutumika) Lubumbashi: ipi uanze nayo, ipi uiache

Ukiwa na sekretaria inayochapa barua na CV kutwa nzima, usichague klavye kwa weupe wake. Umanjano ni plastiki iliyozeeka tu. Cha kupima ni mpira. Chini ya kila kitufe kuna kikombe cha mpira. Ukibonyeza kinabonyea na kukandamiza karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zina njia za umeme, ya kati ina matundu yanayoziacha zigusane. Kikombe kikilegea, kitufe hakirudi juu vizuri na vidole huchoka kabla ya saa sita.

Ya kwanza kwetu ni Lenovo Preferred Pro, KU-0225 au SK-8825. Kitufe hushuka kwa kina na kurudi kwa nguvu. Ukikuta yenye nembo ya IBM usisite, ni ndugu yake: Lenovo ilinunua biashara ya kompyuta za IBM mwaka 2005. Soma lebo ya nyuma. KU-0225 ni ya USB, KB-0225 ni ya PS/2, yaani plagi ya zamani ya duara; kwa HP pia, KU-0316 ni USB, KB-0316 ni PS/2.

Ya pili, Cherry G83 ya Ujerumani. Ni ngumu kidogo kwa vidole, lakini zenye herufi zilizochongwa kwa leza hazifutiki upesi. Angalia tu isiwe QWERTZ, mpangilio wa herufi wa Kijerumani.

Ya tatu, Dell SK-8115, laini na ya USB. Kaka yake mkubwa, QuietKey, ni mzuri pia, ila mara nyingi ni wa PS/2: kompyuta isiyo na tundu hilo la zambarau inahitaji kigeuzi chenye saketi ndani. Kile kidogo kisicho na saketi hakitaiwezesha. PS/2 ichomekwe kompyuta ikiwa imezimwa.

HP KU-0316 inafuata. Inatosha, basi.

Uzito usikudanganye. IBM Model M, klavye nzito iliyoanza mwaka 1985, inajulikana kwa springi chini ya vitufe, lakini Lexmark, kampuni iliyozitengeneza baada ya IBM, ilitengeneza pia za mpira zilizoitwa Quiet Touch. Ng'oa kofia ya kitufe kimoja pamoja na kipande kilicho chini yake: usipoona springi, usilipe bei ya springi.

Sasa AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, mahali ambapo wengi hupoteza pesa. Mizigo ya Ubelgiji huja na AZERTY ya Kibelgiji, na si sawa na ya Ufaransa. Tazama kitufe kilicho kushoto mwa Shift ya kulia: chenye «!» ni cha Ufaransa, chenye «=» ni cha Ubelgiji. Alama ya @ kwa Mbelgiji ni kitufe cha AltGr na 2, kwa Mfaransa AltGr na 0. Kwenye Windows chagua Kifaransa cha Ubelgiji au cha Ufaransa kulingana na ulichonunua, la sivyo mteja atapewa anwani ya barua pepe yenye makosa.

Kabla ya kulipa, ichomeke na ubonyeze vitufe vyote kwenye programu ya kuandikia. Bonyeza Shift, Enter na ule mrefu wa nafasi kwenye pembe, si katikati; vikikwama, waya wa chini umepinda au vumbi jekundu la kiangazi limejaa kwenye njia ya kitufe. Kitufe kimoja kilichokufa mara nyingi ni uchafu. Vingi vikifa kwa pamoja, njia moja ya umeme imekatika au imeliwa na soda iliyomwagika, kwa sababu vitufe vingi hutumia njia moja. Hiyo iache.

Kusafisha: piga picha kwanza, ng'oa kofia, zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ziachie siku nzima zikauke. Karatasi za ndani usizilowanishe. Zifute polepole kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo, bila kusugua njia za umeme. Usitie mafuta, yatashika vumbi. Ukifunga, kaza vizuri skrubu za kibao cha saketi: kikilegea hakiziminyi karatasi, na vitufe vya mstari mzima vitanyamaza ingawa hakuna kilichoharibika.