Piano inayojipiga: ulipie muziki kila mwezi au ununue faili?

Mwenye piano inayojipiga mjini Kigoma, tuseme Disklavier ya Yamaha ukumbini mwa hoteli, ana njia mbili: kujisajili kwenye huduma ya muziki wa mtandaoni, au kununua faili za MIDI na kuzihifadhi kwenye flashi.

Usajili huanza kwa gharama nafuu na nyimbo zake ni nyingi, lakini ukiacha kulipa muziki nao hukoma, ilhali faili ulizonunua hubaki zako.

Uhakika ndio penye mjadala hasa. Faili ya MIDI haibebi sauti, bali maelekezo ya noti ipi ibonyezwe, kwa nguvu gani, na kanyagio lishuke lini. Kwa hiyo ni ndogo mno, na hupakuliwa mara moja hata kwa mtandao wa kusuasua. Huduma ya mtandaoni hutaka mtandao muda wote: bando likiisha wageni wakiwa mezani, piano hunyamaza mbele yao. Umeme ukikatika, bila shaka, zote mbili hunyamaza.

Matunzo hayatofautiani, kwani unyevu wa Ziwa Tanganyika huvuruga nyuzi bila kujali muziki umetoka wapi.

Hoteli yenye intaneti thabiti na wageni wa kila aina itafaidi usajili. Kanisa linalorudia nyimbo zilezile kila Jumapili ningelishauri linunue faili.